Kupitiliza Kituo

Daktari Pyo hakuniandikia dawa mpya.
Alitazama mashine, akatazama dirisha, akasema:
Damu yako inakimbia, Bwana Ma,
na hakuna anayeifukuza.
Nenda milima ya Gangwon. Katembee. Polepole.

Polepole! Mimi,
miaka ishirini na sita gizani chini ya Seoul,
dereva anayehojiwa
akichelewa nusu dakika.

Tulikuwa saba. Kiongozi wetu, Bi Seol,
soksi zake hazikufanana.
Alitufunga kipimo mkononi mmoja mmoja,
akaandika kwa penseli: mia sitini na mbili
kwa mia na moja, hiyo yangu.
"Leo," akasema, "hatuendi kufika."
Nilidhani anatania.

Saa nzima tulikwenda mwendo wa mtoto
anayepelekwa kuchanjwa.
Nikahesabu misonobari kama vituo:
huu Hyehwa, huu Dongdaemun,
milango inafunguka, milango inafungwa,
na vidole vyangu vinatafuta breki
ndani ya mfuko wa koti.

Kisha akatuvua viatu.
Majani makavu, chini yake majani yaliyooza,
chini yake ubaridi uliotulia siku nyingi.
Miaka yote ile chini ya ardhi
sikuwahi kuuliza juu yake kuna nini.

"Nuseni," akasema, akakwangua gome kwa ukucha.
Utomvu.
Na mama akaja, bila kubisha hodi,
anatandaza majani ya msonobari chunguni
apange vikeki vya mchele vya sikukuu,
ananipiga kofi la mkono: Bado!
Mvuke ukaniingia puani nikiwa na miaka hamsini na minne,
nimesimama pekupeku mbele ya watu nisiowajua.

Hapo ndipo lilipodondoka.
Jani moja, la njano, kutoka mti nisioujua jina,
likaja mbele yangu, katikati ya njia.

Koti lake pia lilikuwa la njano.
Miaka minne sasa, kila usiku, navuta breki,
na kila usiku breki inachelewa.

Mkono wangu ulitoka mfukoni,
ukabaki hewani, wazi.
Jani lilizunguka, likajifikiria,
likatua.
Ndege fulani aliendelea na maneno yake.
Bi Seol aliniona, akaangalia pengine,
nami namshukuru mpaka leo kwa kuangalia pengine.

Jioni akapima tena:
mia hamsini na tano kwa tisini na saba.
Si namba ya kumfanya daktari apige vigelegele.

Lakini kwenye treni ya kurudi nyumbani,
nikiwa abiria kama abiria wengine,
kichwa kwenye kioo, soksi zimejaa sindano za msonobari,
nililala.
Nilipitiliza kituo changu,
nikapitiliza na kilichofuata,
nikaamshwa na mfagiaji mwisho wa reli.

Ok-bun akapiga simu: "Umechelewa!"
Nikamwambia ndiyo.
Nikamwambia tena, ndiyo, nimechelewa sana,
nikikaa pale kwenye benchi,
nikinusa ukucha wangu.