Mizani ya Viazi

Isongole, saa moja asubuhi. Ukungu umekaa juu ya mabati
na mimi nimekaa juu ya pikipiki ya zahanati
ambayo mbele yake imelala
kama ng'ombe aliyegoma.

Si leo tu. Nikishika breki kwenye mteremko wa Isyonje
inapiga magoti mpaka mwisho, chuma kwa chuma, ko!
na boksi la chanjo linanigonga mgongoni
kana kwamba watoto wote wa kule juu wanauliza nimefika wapi.

Ushauri nimepata, tena wa bure.
Mganga mfawidhi: "Nesi Atuganile, punguza wali."
Shemeji: "Tafuta mwanaume akuendeshe."
Kijana wa kijiweni hakushauri. Alitia vipande viwili vya bomba
juu ya springi zilezile, akachukua elfu nane.
Siku ile pikipiki ilisimama kidete.
Shimo la kwanza tu: ko!

"Bomba linainua," alisema Lwitiko alipofungua shokapu,
mafuta meusi yakichuruzika kwenye kopo la rangi,
"lakini halitii nguvu.
Ni kumvalisha mtoto viatu vya kisigino
ukasema amekua."

Kisha: "Una kilo ngapi?"
"Tisini."
Hakunitazama tumbo. Alinitazama machoni.
"Springi haina aibu, nesi. Vuka barabara,
kapime kwa Mama Nsajigwa."

Basi nikapanda mizani ya viazi,
nikasimama palepale gunia la lumbesa lilipotoka kushushwa,
udongo wake bado mbichi chini ya buti zangu.
Nikaanza kuvua koti.
"Usivue!" Lwitiko akapaza sauti toka ng'ambo.
"Na boksi libebe! Kwani barabarani unaendaga uchi?"

Mia na kumi na tisa.

Wapakiaji walicheka. Mmoja alisema neno, nililisikia.
Nami kila Jumanne ninaning'iniza watoto wa watu
kwenye mizani ya zahanati, miguu ikirusharusha hewani,
na mama akiinamisha uso namwambia:
namba si kosa, mama. Namba inaniambia nikupe nini.
Sikuwahi kujua sentensi hiyo ni nzito hivi
ukiwa wewe ndiye unayening'inia.

Lwitiko alitandika gunia, akalaza jozi tatu.
Nyembamba: "Hii ni ya kijana wa kilo sitini, tena kwenye lami."
Nene, ya guta la mizigo: "Hii itakurudishia kila jiwe viganjani,
jioni hutashika hata sindano."
Ya tatu imebanana upande mmoja, imeachana upande mwingine.
Akaibonyeza kwa kifua chake chembamba.
"Mwanzo laini. Kadiri unavyozama, inakaza.
Elfu thelathini na tano, na mafuta mazito kidogo juu yake."

Alipomaliza alifunga uzi mwekundu kwenye bomba la shokapu.
"Kaa. Na boksi. Tulia kama unasali."
Nikakaa. Nikashuka. Uzi ulikuwa umesogea
vidole vyake viwili na nusu.
"Theluthi moja ya mwendo ni yako," alisema,
"hizo mbili zilizobaki ni za barabara. Usiile sehemu yake."

Kwenye mteremko wa Isyonje nilishika breki.
Iliinama
kama binti anayeamkia, goti moja, taratibu,
ikainuka.
Boksi halikusema kitu.
Nilirudia mara mbili zaidi, bila sababu,
mbuzi wa mtu akinishangaa.

"Urudi baada ya miezi sita," aliniambia wakati wa kulipa,
"springi nazo huchoka, na wewe unaweza kubadilika,
uongezeke, upungue, mimi sijui. Tutapima."
Nimechukua kadi mpya ya kliniki, ile ya watoto.
Penye jina nimeandika Atuganile.
Penye uzito, kwa kalamu ya bluu, 119.
Penye maoni ya muuguzi
bado sijaandika.