Kidaka cha Kaskazini

Kanisa la Mkwajuni, nyuma ya Ganda, ni jembamba.
Wageni husema: waliojenga walikuwa wachache.
Sivyo. Upana wa nyumba hii ni urefu wa boriti ya mkoko,
na mkoko haurefuki kwa maombi.
Kwa hiyo wazee wetu waliimba wamebanana,
dhiraa sita, ukuta hadi ukuta.
Maharusi walipita ubavu ubavu.
Jeneza likishaingia halina pa kugeukia,
hutoka kinyumenyume.

Mimi ni mwashi. Mama yangu alichoma chokaa,
moshi wake ndio shule yangu.
Nimeitwa kubandua saruji
waliyoipaka wafadhili mwaka ule wa Elnino
kwa nia njema, kama mtu anayemfunika mgonjwa wa homa
mablanketi matatu.
Saruji haipumui. Ukuta ukatoa jasho la chumvi,
matumbawe yakakumbuka bahari.

Patasi, polepole.
Chini ya saruji, chokaa.
Chini ya chokaa, matumbawe na nyota zake,
na udongo mwekundu uliokandwa kwa miguu.
Tao la madhabahu ni nusu duara;
halina jiwe kubwa la kati,
ni vijiwe tu vilivyosimamishwa ubavu,
kila kimoja kikimsukumia mwenzake lawama ya uzito,
na kwa ugomvi huo tao limesimama.
Nimeona hata tundu la kijiti
alipofunga kamba akaizungusha.

Basi, ukuta wa kaskazini.
Pana kidaka pale, kina chake kiganja, kimo chake mtu,
na tao dogo juu. Tumekikabidhi kila kitu:
taa ya mafuta, kisha ngoma,
kisha sanduku la harambee, kisha ufagio.
Hakuna aliyeuliza. Kidaka ni kidaka.
Sasa kamati wanataka kizibwe, wapachike spika.

Daftari la katekista Yeremia Ngumbao
limeliwa na mchwa, nusu imesalimika:
*Fundi wa Siyu, siku arobaini na moja.
Mahindi, pishi kumi na mbili. Shuka moja.
Kidaka cha kaskazini: hakikuagizwa.
Kiachwe.*

Nilisoma neno hilo mara tatu.
Kisha nikakwangua.
Ndani, usawa wa paji la uso,
herufi zimekwaruzwa kwa msumari kwenye chokaa mbichi,
zikianzia kulia.
Mimi sizijui. Nikapiga picha,
nikamtumia Mwanaesha wa Shela, muuza viazi karai,
aliyefundishwa na babake kwa kiboko.
Akajibu kwa sauti, mafuta yakichemka nyuma yake:

*Mawe toka baharini, na chokaa toka mawe,
mimi toka Siyu ndani, jina langu lisitiwe.*

Akanyamaza kidogo. "Dada, hapo umeelekea wapi?"
Kaskazini, nikasema.
"Haya," akasema, akarudi kwenye karai lake.

Nikahesabu. Siku arobaini na moja,
adhuhuri na alasiri: themanini na mbili.
Toa siku ambazo ukuta ulikuwa haujainuka.
Toa Ijumaa, labda alishuka mjini.
Hata hivyo ni nyingi.
Sijui Yeremia alikuwa wapi nyakati hizo.
Labda ghalani, akipima mahindi.
Labda mlangoni, kengele mkononi,
ameshika ulimi wake usilie.

Leo nimewaandikia kamati hesabu yangu:
Kubandua saruji, siku tisa.
Chokaa, madebe thelathini.
Mchanga, mikokoteni miwili, wa pili haukujaa.
Mwiko mmoja, umevunjika, nalipa mwenyewe.
Spika: ukuta wa kusini una nafasi.
Kidaka cha kaskazini: chokaa, nusu debe,
imepakwa kandokando, maandishi yamerukwa.
Hakikuagizwa.