Chumvi Kwenye Maji ya Mgao

La kwanza nililiua kwa pupa.
Matawi membamba, ncha za zambarau,
nililichagua kama mtu achaguavyo shati la Pasaka:
kwa rangi, kwa kuonekana.
Siku ya nne lilikuwa jeupe kama muhogo uliomenywa.
Nikasema ni taa, ni umeme, ni chumvi ya dukani.
Ni mimi.

Safari hii nimeagiza tarumbeta,
vichwa vitano tu, kijani cha zabibu mbichi,
kipande kilichokatwa kwenye tangi la Mbaruku kule Tabata,
si cha mwambani; bahari hatuidai kitu.
Tumbawe gumu, alisema Mbaruku, lakini si gumu kulea.
Lina mifupa ya mawe na tabia ya mbuzi wa Kigogo:
likikosa kidogo leo, halinuni.
Tangi lako lina umri gani?
Miezi minane.
Haya, sasa unaweza.

Likapanda treni ya umeme alfajiri,
mfuko ndani ya mfuko ndani ya boksi la samaki,
Morogoro, Kilosa, giza la mahandaki,
likashuka Dodoma vumbi likiwa limesimama wima,
kiumbe pekee wa baharini pale kituoni
ukiwatoa vibua wa kukaanga.

Mama amekuja kutoka Handali kutibiwa goti.
Ananitazama nikipima chumvi kwa mizani ya jikoni,
gramu thelathini na tano na ushee kwa lita,
maji niliyoyachuja mara nne
kwa kuwa ya bomba letu la Ilazo huacha ukoko mweupe kwenye birika.
"Yoeli. Maji ya mgao haya. Unayatia chumvi."
Sina jibu.
Yeye alifukua mchanga wa mto mkavu kwa kata ya kibuyu,
akachutama shimoni kungoja maji yajitokeze,
na punda juu, naye akingoja.

Nauacha mfuko uelee nusu saa,
joto la huku lisalimiane na la kule.
Kisha ndoo ndogo, mrija, fundo moja kwenye mrija.
Tone.
Tone.
Mkono wangu unalegeza fundo.
Mama ananichapa vidole.
Anavuta stuli, goti kalinyoosha mbele,
anakaza fundo, anahesabu kwa Kigogo.
"Ukiliharakisha shimo, utakunywa tope."
Saa nzima hatuongei.

Halafu bakuli la dawa ya kahawia, dakika kumi.
Natikisa taratibu; anadondoka konokono
mdogo kama punje ya uwele,
mgeni ambaye hakuitwa.
Afadhali nimwone kwenye bakuli.
Nalisuuza. Maji ya safari nayamwaga chooni,
hayaingii tangini hata tone.

Naliweka chini, mchangani, pembeni mwa mwanga,
shibiri nzima mbali na jirani yake
maana usiku haya hunyoosha mikono na kuchomana.
Taa nimeipunguza nusu. Wiki mbili zijazo
nitalipandisha, upana wa kidole, tena upana wa kidole,
likitaka.

Saa mbili umeme unakatika.
Pampu ya betri inaguna, mapovu yanaendelea.
Mama anawasha tochi ya simu, namzuia,
anaifunika kwa pindo la kitenge:
vichwa vitano vimefumba, ngumi tano.
"Limekufa?"
Limekasirika, nasema. Kesho, au keshokutwa.
Nasema hivyo na tumbo langu linakumbuka muhogo.

Saa tisa usiku namkuta sebuleni,
umeme umerudi, taa ndogo ya bluu peke yake,
yeye kwenye stuli ileile, pua karibu iguse kioo.
Ananyoosha kidole, anakirudisha:
kichwa kimoja, cha pembeni kabisa,
kimetoa vinyweleo vyenye ncha nyeupe
na kinapapasa maji.

"Lina njaa hili," ananong'ona,
ananigeukia na lile jicho la zamani,
la siku niliposahau kufungulia ndama.