Rudisha

Wajuzi wa sinema hawaitaji hii.
Wakiitaja, ni kwa kukunja pua:
ya kitoto, ngazi nyingi mno,
kazi dhaifu ya mchekeshaji aliyekwisha kuchoka.
Hata jina lake limekatika mwanzoni,
limebaki "...na Ndoo", basi.

Dada yangu Nasipwondi kanitumia kutoka Bungoma.
Nimeitazama jana usiku, Kaptembwa, kitandani,
kwenye simu yenye ufa,
dakika kumi na tisa.

Mtu mnene anapanda ngazi na ndoo ya chokaa.
Mbwa anapita chini. Ngazi inamfuata mbwa.
Chokaa inamtangulia mtu,
mtu anaifuata chokaa,
na mkokoteni wa unga uliokuwa ukijipitia zake
unawapokea wote wawili.
Ni hayo tu. Sikucheka.

Lakini ukumbi wa Bondeni, mwaka ule wa sabini na nne!
Saruji ikitutafuna matako,
vumbi jeupe la Nakuru likicheza ndani ya mwali,
na baba yangu, Nashon Wekulo, fundi wa mashine,
sigara sikioni.
Filamu haikuwa na sauti, naye alikuwa nayo tele,
basi alimsemea kila mtu.
Yule mnene alikuwa Mbukusu kwa lafudhi,
mwenye mkokoteni, karani wa reli,
na mbwa alizungumza Kiswahili sanifu cha redio.

Mtu alipoanguka, ukumbi ulipasuka:
Rudisha! Rudisha!
Baba akabonyeza swichi.
Unga ukanyanyuka kutoka barabarani,
ukaingia guniani chembe kwa chembe,
chokaa ikarejea ndooni bila kudondoka,
na yule mnene, matako mbele, akapaa,
akatua kileleni pa ngazi, safi, kofia kichwani,
kama mtu aliyeghairi.
Bi Zuhura wa mahamri alicheka hadi leso ikalowa.
Kisha akaanguka tena.
Tulimrudisha mara tano, mara sita,
mpaka mashine ikanuka moto
na baba akasema, Mwacheni mzee wa watu apumzike.

Kumbe kweli alikuwa mzee. Utotoni sikuliona hilo.
Tazama goti la kushoto, kipandio cha tatu:
linasita. Tazama anavyomeza mate.
Kule chini hakuna godoro.
Hao wajuzi hawakutazama goti.

Baba alianguka mwezi wa Aprili, bafuni,
ndoo ya maji ya moto mkononi.
Nesi pale hospitalini aliniuliza, "Umesema nini?"
Nikamwambia sijasema kitu.

Simu hii nayo ina kitufe cha kurudisha
lakini hakirudishi kama mashine ya baba.
Kinaruka tu, kinakata:
mtu yuko chini, mara yuko juu,
ile safari ya kupaa haimo,
unga haunyanyuki.

Nimejaribu, nikajaribu.
Saa saba usiku Nafuna akageuka ubavuni:
Unamsemesha nani?
Mbwa, nikasema.
Alikuwa anapita chini ya ngazi
nami nikamsemea, taratibu, kwa Kiswahili sanifu:
Samahani bwana,
je, hapa ndipo mahali pa kuangukia?