Juu ya Mstari wa Sita

Pihla aliisakinisha programu Jumapili moja ya Januari,
theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni.
Kompyuta yenyewe ya mtumba, herufi K imeng'oka:
nikitaka kuandika kekeo
nabonyeza kidonda mara mbili.

"Baba, ndege mia na ishirini.
Kwanza picha, halafu sauti, halafu vyote pamoja.
Ukikosea, inalia kama mlango wa friji ulioachwa wazi."

Picha hazikunitisha.
Miaka ishirini na sita nachambua mbao kwa macho,
naujua msonobari uliomeza fundo lake,
sembuse kigogota na kofia yake nyekundu,
sembuse sululu, anayeubeba mdomo
kama kibarua aendaye kuchimba kisima.
Kumi kwa kumi. Pihla akanipigia makofi kwa miiko.

Sauti ndiyo iliyonivua nguo.

Chiriku nilimpata, maana humalizia wimbo
kama mtu aliyejikwaa kizingitini.
Kucha nilimpata: hushuka ngazi, hushuka, hushuka,
kisha hukaa chini asiseme kitu.
Korongo hata jiwe humsikia.
Halafu jikoni pakawa kimya.
"Haya, cheza basi," nikasema.
"Inacheza, Baba."

Tukatazamana.
Akaongeza sauti mpaka paka akashuka kitini,
akaenda zake sebuleni, masikio yamelala.
Mimi nilisikia friji, na saa ya ukutani,
na ule msumeno wa kiwandani usiozimika kichwani mwangu
hata siku za sikukuu.

Hippiäinen, iliandika programu. Kijidege
chenye mstari wa dhahabu utosini,
uzito wake sarafu moja.
Chini ya jina, sauti yake imechorwa:
kwenda juu ni wembamba, kwenda kulia ni muda.

Februari daktari wa Kajaani akanipa mchoro mwingine,
wa masikio yangu.
Mstari unatembea, unatembea, ukifika kilohezi sita
unatumbukia, kama mtu aliyekanyaga barafu ya Aprili.
Niliiweka michoro miwili mezani, ubavu kwa ubavu.
Ndege anaimba ghorofani. Mimi nimepanga chini,
na ngazi hakuna.

Sikio la kufa, husemwa, halisikii dawa.
Langu halikuomba dawa. Liliomba ndege mmoja.

Wiki ambazo Pihla yuko kwa mama yake
nilijifunza peke yangu, spika nimezizima.
Nilikariri umbo: meno ya kitana, madogo, sawasawa,
jino, jino, jino,
na mwishoni unywele uliojikunja.
Machi nikapata kumi.
"Umemsikia!" Pihla akapiga kelele kwenye simu,
nami nikaiacha furaha yake ipite bila kuigusa.
Programu haikuniuliza jibu liliingia kwa mlango gani.

Mei tulikwenda nyuma ya ziwa,
maji ya theluji yanateremka ndani ya viatu.
Pihla akasimama, akainua kidole.
Hakusema jina. Alikuwa ananitahini.

Nilitafuta tawi kwa tawi, kama ninavyotafuta fundo.
Pale: utosi wa dhahabu, mdomo wazi,
na koo linatetemeka, tone la maji juu ya sufuria ya moto.
Kimya kabisa.
Lakini nyuma ya paji la uso wangu
kalamu ikaanza kuchora:
jino, jino, jino, jino,

"Sasa anamalizia," nikasema.

Pihla aligeuka taratibu.
Alinitazama masikioni, kwanza moja, kisha la pili,
halafu macho.
Nikangoja mlango wa friji ulie.

Aliushusha mkono, akauingiza katika mfuko wa koti langu,
uko baridi, umelowa,
na tukaendelea kumtazama
yule ambaye mmoja wetu alikuwa anamsikia.