Pua ya Hamira

Saa kumi na robo, Langoni bado giza.
Shangazi Somoe anaingiza mkono sufuriani
kupima kama unga umeumuka.
"Hamira hii imelewa," asema. "Haisikii."
Nacheka peke yangu. Angejua
miaka miwili kule Kilifi nilivyokaa,
jicho moja kwenye hadubini,
nikichungulia seli za hamira zikiposana.

Hazina dume, shangazi, wala jike.
Kuna wa upande huu na wa upande ule,
kama Mkomani na Langoni,
na hakuna anayeweza kutembea.
Seli haina mguu. Ina harufu tu,
huimwaga majini, ikangoja
jirani aipate, aache kugawanyika,
ajivute kuielekea
mpaka mwili wake wa duara utoke shingo
kama kibuyu.

Hiyo ndiyo hadithi waliyoipenda wenzangu.
Mimi nilipewa iliyobaki:
harufu ikizidi, inakuwaje?

Jana tulimfukiza Thureya udi,
chetezo chini ya kiti, buibui limemfunika hadi sakafuni.
Nusu saa, chumba kizima hakina pua.
Aliyeingia kutoka njiani alikohoa;
sisi tulikuwa tunaulizana, mbona udi hauingii?
Kungwi hakuongeza udi.
Alifungua dirisha.

Ndivyo hasa. Seli za upande mmoja
hutoa mkasi, zikaikata harufu
inayozizunguka, kipande kipande,
harufu ya yule yule zinayemtaka.
Niliwahi kuziondolea mkasi huo, kwa makusudi.
Zikasikia kupita kiasi.
Zikajua yupo,
zisijue yuko wapi.
Zikatoa shingo huku na huku, ovyo,
kama mtu anayeitikia kila hodi ya mtaa.
Penye mkasi, harufu hubaki uzi mwembamba,
na uzi una mwisho unakotoka.

Na pua zenyewe, zilizopangwa ngozini,
zikielemewa, humezwa.
Seli hula pua zake, ikazisaga tumboni,
ikapandisha nyingine, au isipandishe.
Ndani zaidi yupo mlinzi mdogo
anayezima taa nyuma ya kila habari,
habari moja isije ikapiga kelele usiku kucha.

Bwanaheri aliniandikia kila alfajiri, miezi saba.
Ujumbe wa kwanza, pumzi ilinikatika.
Wa mia mbili niliusoma nikipiga mswaki.
Nikamwambia moyo umekufa,
na mimi mwenyewe nikaamini.
Akahamia Witu. Akaacha kuandika.

Haukufa, shangazi. Nilizimeza tu,
na hakuna aliyefungua dirisha.

Seli iliyokosa mwenza haifi, nayo.
Baada ya saa kadhaa mlinzi hushinda,
ile shingo hubaki mwilini kama kovu,
na pembeni huchipuza mtoto, kazi ikaendelea.
Profesa aliliita jambo hilo kupona.
Niliandika daftarini, nikapiga mstari chini yake
mara mbili,
sijui kwa nini mara mbili.

"Ndoo ukande," asema shangazi.
Namwambia: hii ya pakiti haijalewa.
Ilishaoana zamani, kabla ya kufika dukani.
Haina tena wa kumsikiliza.

Ananitazama, unga hadi viwikoni.
"Basi ndiyo maana inafanya kazi."

Nakanda. Kisha nasukuma mlango wa uani.
Moshi unatoka kwanza, halafu joto,
halafu anaingia punda wa jirani, harufu yake yote.
Na baada ya punda, kwa mbali,
kutoka kwenye vidole vyangu mwenyewe,
iliki.