Ulimi wa Tela

Kwilasa, fundi wa kuchomelea pale Igoma,
alitukabidhi nyumba ya magurudumu mawili:
kitanda, jiko la gesi, dirisha la wavu wa mbu,
mlango wa buluu, rangi iliyobaki kwenye boti ya mtu.
"Ikiwa tupu ni kilo mia tisa na arobaini.
Pikapu yenu inavuta elfu moja na mia nne.
Hesabu iliyobaki ni yenu na Mungu."

Mume wangu Lushinge aliisikia hesabu hiyo
kama mtu anavyosikia kengele ya shule baada ya kustaafu.
Jua halijachomoza alikwisha kupakia:
pipa la maji, limejaa hadi shingoni,
jenereta, meza ya mninga,
viti sita (tuko wawili),
gunia la mchele, nasi tunapita Magu unakolimwa,
na nyuma kabisa, chini ya dirisha,
jiwe la kusagia la marehemu mama yake.

Sikusema kitu. Niliendesha.

Kiwanda cha pamba njia ya Kisesa kina mizani ya malori.
Mlinzi, Malongo, aliwahi kulazwa wodini kwangu;
akafungua geti bila kuuliza tumelima ekari ngapi.
Namba nyekundu zikapanda, zikasita, zikakaa:
elfu moja mia tano na arobaini.
Lushinge akagonga kioo kwa kidole
kama anayeamsha saa iliyolala.
Namba haikuamka.

Miaka thelathini nimening'iniza watoto kwenye mizani ya kliniki,
nikishangilia kila gramu iliyoongezeka.
Na baba yangu, mtunzi wa mashairi ya harusi,
alihesabu mizani nyingine kwa vidole juu ya goti:
nane, pumzi, nane.
Silabi ya tisa aliitupa hata ikiwa tamu.
"Tamu," alisema, "si ruhusa."

Tukamwaga maji, tukabakiza ndoo mbili.
Malongo akapata mchele, meza na viti vinne,
akashukuru kana kwamba tumemtolea mahari.

Kisha nikainua pua ya tela kwa mikono yangu.
Ikanyanyuka kirahisi mno.
Watu husema ulimi hauna mfupa.
Huu unao, wa chuma,
na ukikosa uzito, nyumba yote nyuma huropoka:
kushoto, kulia, kushoto tena,
kama sangara anayekataa kuingia mtumbwini
hadi mvuvi ndiye anayeingia majini.
Sehemu moja ya kumi ikae puani, alisema Kwilasa,
na hiyo pikapu ndiyo inayoibeba, pamoja na nyinyi.

"Jiwe lishuke?" Lushinge aliuliza.
Hakuwa ananitazama.
"Lisogee," nikasema. "Mbele kidogo ya ekseli. Lifungwe."

Tukalisogeza wawili, tukihema,
kilo hamsini zilizolainishwa na ulezi na viganja vyake.
Nikakagua pini, minyororo miwili, taa za breki,
upepo wa matairi. Nikakagua tena pini.

Barabarani basi la Musoma lilitupita likivuma;
nyumba ikatingishika mara moja, ikatulia.
Kwenye mteremko nilishuka na gia ndogo,
nikiacha nafasi ambayo madereva wengine waliiita uoga
na kuijaza.
Kushoto mawe yalikuwa yamebebana,
makubwa juu ya madogo,
tangu kabla ya breki kubuniwa.

Lamadi tulifika jioni, ziwa likiwa na rangi ya bati.
Lushinge aliponda karanga juu ya jiwe, vibaya,
nusu zikaruka majanini.
"Mama angecheka," alisema.
Baadaye, gizani: "Mimi na wewe, je? Ulitujumlisha?"
"Upande wa pikapu," nikamjibu. "Wewe kilo tisini na mbili."
Akanyamaza kwa muda mrefu.
"Themanini na tisa," akasema,
akageukia ukutani,
na nyumba ikainama kidogo upande wake.